Mjomba kachukua fomu, mi nikaenda Kingaroy

Mjomba alinipigia saa nne usiku, yani saa nne ya huku Toowoomba, Australia, kule Kongwa ni saa tisa mchana jua linaunguza, nikajua tu hii sio simu ya salamu maana mjomba mchana hapigi simu, anabip, na akibip ujue anataka umpigie wewe. Shikamoo, marahaba, mbukwa, za huko nzuri, mvua vipi, mvua hivohivo, afu akanyamaza. Nikadhani msiba. "Mjomba," akasema, "nimechukua fomu."

Fomu gani tena?

"Ya udiwani."

Sasa mjomba wangu ni mkulima, sio wale wakulima wa mitandaoni wenye kofia mpya na drone, ni mkulima wa karanga na alizeti ekari kumi na mbili, trekta ya kukodi, darasa la saba, na kitu pekee alichowahi kugombea ni uenyekiti wa kikundi cha kuweka na kukopa akaukosa. Nikamuuliza nani kakushauri, akasema watu wa kata wamemfuata wenyewe, wamechoka na madiwani wanaokaa mjini. Akaomba mchango (nilijua unakuja) na kabla ya kukata akauliza swali ambalo ndo limenifanya niandike hii posti, "Huko kwa wazungu wakulima wanaingiaje kwenye siasa? Au huko ni mawakili tu?"

Nilimwambia nitamuulizia. Kazini kwetu, kiwanda cha nyama, shifti ya usiku, kuna mzee wa Kiaustralia kabakiza miaka miwili astaafu, kakulia huko mashambani, nikamrushia hilo swali wakati wa chai. Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Akasema kijana, wewe unaishi Queensland unauliza kama mkulima anaweza kuingia siasa? Hapa tulitawaliwa na mkulima wa karanga miaka 19. Nikadhani ananitania kwa vile anajua kwetu ni karanga. Hakuwa ananitania. Ijumaa ile nikalala masaa matatu, nikawasha gari, nikaenda Kingaroy, mji alikotokea huyo mkulima.

Niwaambie kitu kuhusu ile barabara, kuna sehemu unafika udongo unabadilika ghafla unakuwa mwekundu kabisa, ule wekundu wa kuchafua soksi, nikapaki pembeni nikashuka nikashika, mtu akiniona angeniitia polisi. Mji wenyewe mdogo, na katikati yake yamesimama maghala ya karanga marefu kama minara, huwezi kupotea, unayaona kabla hujaona duka hata moja. Karanga za kukaanga zinauzwa barabarani kama Dumila wanavyouza nyanya. Nikanunua pakiti mbili. Chumvi nyingi mno, lakini karanga zenyewe nimezikubali.

Haya, jamaa mwenyewe. Anaitwa Joh Bjelke-Petersen, hilo jina la kwanza tamka Jo, la pili usijisumbue. Kazaliwa 1911 New Zealand kwenye mji unaitwa Dannevirke, mji wa wahamiaji wa Skandinavia, wazazi wake Wadenishi, baba mchungaji wa Kilutheri. 1913 familia ikahamia Kingaroy kulima, shamba wakaliita Bethany, yani Bethania ile ya Lazaro. Utotoni akapata polio, akabaki anachechemea maisha yake yote. Shule kaacha na miaka 14 kwasababu baba afya mbovu na shamba linataka mikono. Ukimsikia hadi hapo unaweza ukadhani nakusimulia mtu wa Mpwapwa.

Afu kuna kitu kilinigusa. Huyu mtu aliishi kwenye banda la zamani la kukamulia ng'ombe miaka kama 15. Sio kwamba hakuwa na kwao, alikuwa anasafisha pori apanue shamba, na hela yote aliyopata anaitia kwenye mashine. Akavuna karanga zake, akaanza kuvunia na wengine kwa kulipwa, akasafishia watu mapori kwa mkataba, akajifunza kurusha ndege akaingia na biashara ya kupulizia dawa na kumwaga mbegu kutoka angani. Kufika miaka 30 ni mtu mwenye uwezo, na bado analala bandani. Na ana mbinu moja ya kusafisha pori iliyompa jina, unachukua makatapila mawili, unayafunga mnyororo mzito wa nanga ya meli kati yao, yanakwenda sambamba, na kila kilichopo katikati kinalala. Miti, vichaka, vichuguu, kila kitu. Asubuhi pori, jioni uwanja.

Mnyororo huo niliposikia nikasimama. Maana mi huo mnyororo nimeusikia utoto wangu wote.

Wasiojua Kongwa niwape kidogo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, ile ya chama cha Labour baada ya vita, watu wao hawana mafuta ya kupikia, wakaamua watalima karanga Tanganyika, ekari zaidi ya milioni tatu, wakaanzia kwetu Kongwa. Walileta makatapila ya mitumba ya jeshi, walileta hadi vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta. Babu yangu alikuwa kibarua pale, na hadithi yake kubwa, aliyoirudia kila Krismasi, ni ya mnyororo wa meli. Anasema wazungu walifunga mnyororo kati ya makatapila wakawa wanavuta mibuyu, na sisi watoto tulikuwa tunauliza babu, meli imetoka wapi Kongwa? Hata yeye hakuwa anajua. Sasa udongo wetu ule mvua ikinyesha ni tope, jua likiwaka ni saruji, mashine zikavunjika, karanga ukizichimbua zinabaki ardhini. Januari 1951 wakafunga mradi, pauni milioni 36 zimekwenda. Reli ikang'olewa, sehemu ya ardhi siku hizi ni ranchi ya taifa. Watu wa kule bado wana vipande vya yale machuma majumbani, bibi yangu alikuwa anacho kimoja anafungia mbuzi.

Kwahiyo mwaka uleule 1947, mnyororo uleule, zao lilelile. Tofauti ni kwamba Kingaroy aliyekuwa juu ya katapila ndo mwenye shamba, Kongwa mwenye shamba alikuwa ofisini London na anaulizia ekari ngapi zimesafishwa wiki hii. Na kuna hili nililolijua baadaye nikacheka peke yangu, shirika lilelile la Waingereza lililokuja kutuharibia Kongwa lilikuja Queensland pia mwaka 1948, likaungana na serikali ya jimbo kulima mtama wa kulishia nguruwe sehemu za Peak Downs, na lenyewe likavunjwa miaka michache tu baadaye. Mkulima wa huku akiwa anasoma hayo gazetini unadhani atampenda mtu anayekuja na mpango wa serikali? Mi sijasema Joh aliingia siasa kwasababu ya hilo, hapana, ila huo ndo upepo uliokuwa unavuma.

Alivyoingia ni kawaida sana, na hapo ndo nilitaka mjomba asikie. Alianza na udiwani. 1946 akaingia halmashauri ya wilaya ya Kingaroy. Alikuwa mwalimu wa sande skuli, kila mtu anamjua, nusu ya majirani kawasafishia mapori au kawavunia karanga. Afu mbunge wa shirikisho wa eneo lile, Charles Adermann, alikuwa naye ni mtu wa karanga, kaongoza bodi ya kuuza karanga miaka na miaka. Hii bodi ndo muelewe vizuri, wakulima walikuwa wanauza kwa pamoja kupitia chombo kimoja kwa sheria, karibu kama sisi na stakabadhi ghalani, kasoro kwamba yao ilikuwa inalipa. Kwahiyo ukiwa na watu wa bodi, una watu wa kanisa, una watu uliowavunia, unahitaji nini tena? Kampeni ni ya wasiojulikana. 1947 chama cha Country Party, chama cha watu wa shamba, kikampitisha, akaingia bunge la jimbo na miaka 36.

Nifafanue jimbo, maana msomaji wa nyumbani atadhani nasema jimbo la mbunge. Huku jimbo ni kama nchi ndani ya nchi, lina bunge lake, polisi wake, shule zake, mahakama zake. Queensland ni kubwa karibu mara mbili ya Tanzania. Mkuu wa serikali ya jimbo ni kama alivyokuwa Waziri Kiongozi wa Zanzibar enzi zile, ndo nitamwita hivo. Na bunge la Queensland lina chumba kimoja tu, kile cha juu kilifutwa 1922, kwahiyo ukishakuwa na wabunge wengi hakuna wa kukuambia subiri. Hilo likumbukeni.

Sasa kaingia bungeni, akakuta nini? Upinzani. Labor, chama cha wafanyakazi, kilikuwa kimeshika Queensland tangu 1915, kimetoka miaka mitatu tu pale 1929 hadi 1932. Joh akakaa benchi la nyuma la upinzani miaka kumi, analima, anarudi bungeni, anarudi kulima. 1952 akaoa, ana miaka 41, bibi harusi Florence, katibu muhtasi wa kamishna wa barabara kule Brisbane, makao makuu ya jimbo, dada wa mjini akaletwa shamba. Miaka kumi bila cheo ni mingi nyie. Wanasiasa wetu wangapi wanakaa upinzani miaka kumi bila kuunga mkono juhudi?

Na "mhafidhina" wa huku wa wakati ule usimpime na wale wa kwenye TV ya Marekani. Mkulima wa Country Party alitaka serikali imjengee reli, barabara, bwawa, bodi ya mazao na sheria ya kumlinda na mchuuzi, hapo serikali ni rafiki. Ila serikali hiyohiyo isimguse ardhi yake, isimpe mfanyakazi nguvu ya kugoma, isimletee mambo ya mjini, isimguse Mungu wake. Mzee wa kazini aliniambia kwa kifupi, walikuwa wajamaa kwenye karanga na mabepari kwenye vingine vyote. Nimeipenda hiyo.

1957 Labor wakagombana wenyewe kwa wenyewe, wakamfukuza chamani Waziri Kiongozi wao, Vince Gair, serikali ikaanguka. Wakaingia watu wa shamba wakiongozwa na Frank Nicklin, naye mkulima, wa mananasi na ndizi. Joh akasubiri tena, hadi 1963 ndo akapewa wizara ya ujenzi na nyumba. Watu wanadharau wizara kama hiyo. Kumbe ndo wizara ya kujenga marafiki, mbunge mwenzako anataka shule, anataka kituo cha polisi, anataka nyumba za watumishi, saini ni yako. Miaka mitano ya kusaini, siku ya kura ya ndani watu wanakumbuka nani aliwajengea.

Afu kifo kikamfungulia mlango. Januari 1968 Nicklin kastaafu, akaingia Jack Pizzey, Joh akawa naibu wake kwenye chama. Miezi saba, tarehe 31 Julai, Pizzey akafa kwa moyo. Kiongozi wa Liberal, chama cha mjini walichoungana nacho, akashikilia kiti siku nane akionja utamu, Joh akasema kama sio mimi muungano umevunjika. Agosti 8, 1968, mkulima wa karanga akaapishwa.

Mwanzo alikuwa wa hovyo, tusiongopeane. Alikuwa anaongea sentensi haina kichwa wala mkia, na kukawa na kelele za hisa za makampuni. Mwaka 1970 wenzake chamani walijaribu kumtoa, usiku kucha anapiga simu kwa mmoja mmoja, asubuhi akapona kwa tundu la sindano na kura yake mwenyewe ikiwemo. Ndo hapo kabadilika. Mtu aliyeponea namna hiyo harudi kulala usingizi uleule.

Kitu kilichombeba kwenye uchaguzi hakukianzisha yeye, na hiki kinachekesha. Labor ndo walioleta sheria 1949 ya kugawa jimbo kwenye kanda, kanda za vijijini wapiga kura wachache kwa kiti, mijini wengi, maana wakati ule Labor walikuwa na watu wao huko bara. Joh akalikuta shimo limeshachimbwa, yeye akaongeza tu kina. Uchaguzi wa 1972 angalieni, Labor karibu asilimia 47 ya kura, viti 33. Chama chake asilimia 20, viti 26, na ndo kikaongoza muungano. Asilimia ishirini! Wenye kutukana wakaipa ile mipaka jina lake. 1974, chama chake kimebadilishwa jina kuwa National Party, Labor wakabaki viti 11 kati ya 82, watu wakawa wanawaita timu ya kriketi, maana nayo ni watu 11.

Lakini kabla ya hapo, 1971, na hapa nitakaa kidogo kwasababu ndo panaponiuma. Mwaka ule timu ya raga ya Afrika Kusini, Springboks, timu ya weupe watupu wakati wa ubaguzi, ilizunguka Australia, na kila mji maandamano. Walivyokuja Brisbane, Joh akatangaza hali ya hatari mwezi mzima. Kwa ajili ya mechi! Waandamanaji walikusanyika usiku nje ya hoteli waliyofikia wachezaji, Tower Mill, polisi wakawavamia wakawaswaga hadi bustanini gizani. Mmoja wa wanafunzi waliopigwa pale alikuwa kijana anaitwa Peter Beattie, mshikeni jina. Na uchaguzi mdogo uliofanyika mwezi huohuo upande wa Joh ukafanya vizuri, akaelewa kwamba huko mashambani watu wakimwona anawatandika wanafunzi wanampenda zaidi.

Sasa mi natoka Kongwa. Kwetu, kwenye masalia yaleyale ya mradi wa karanga, kuanzia 1964 ilikuwepo kambi ya wapigania uhuru, FRELIMO, ANC, SWAPO, MPLA, wote wamepita pale, wamelima pale, wengine wameoa pale na watoto wao tumesoma nao. Shamba lililomshinda Mwingereza likawa kambi ya kumtoa Kaburu. Halafu mkulima wa karanga wa huku, mtu wa kanisa, anawalinda haohao kwa hali ya hatari. Nilikuwa nimeanza kumpenda yule mzee wa bandani, nikiri tu, mambo ya polio na mnyororo. Hapo nikaziweka karanga zake pembeni.

Ila tuendelee. Waandishi wa habari alikuwa anawaita kuku. Mkutano na waandishi kwake ni kulisha kuku, unarusha punje wanadonoa wanatawanyika. Ukimuuliza swali gumu anajibu "we usihangaike na hilo", na basi, ndo jibu. Nchi nzima ilikuwa inamuiga. Mkewe Flo naye akawa maarufu kwa vitumbua vyao vya maboga (vinaitwa skonzi lakini kwa macho yangu ni binamu wa kitumbua), na 1981 akaingia seneti ya taifa, akakaa hadi 1993. Kuna watu huku hawakumbuki sheria hata moja ila wanakumbuka maboga. Akawa anaruka na ndege ya serikali kutoka kijiji hadi kijiji, rubani wake mwanamke, Beryl Young, na akitua mahali pa vumbi anaongea bei ya mtama na ng'ombe, sio "uchumi jumuishi".

Na vitu alifanya. 1977 alifuta kodi ya urithi, watu wa majimbo mengine wakaanza kuhamia Queensland kuja kufia huku, nasema kweli, mpaka majimbo mengine yakafuta na yao. Migodi ya makaa ya mawe, mabwawa, barabara. Mkulima mwenye shamba la baba anamwona kama Musa.

Ila huyohuyo mtetezi wa ardhi ya mtu, 1976 Waaborijini, wenyeji wa asili wa huku, wakiongozwa na John Koowarta walipotaka kununua, kununua kwa hela, shamba la mifugo kule Archer River, serikali yake ikakataa, sera yake ilikuwa Waaborijini wasimiliki maeneo makubwa. Koowarta akaenda mahakamani, 1982 Mahakama Kuu ya nchi ikampa ushindi kwa kura nne kwa tatu. Kushinda kashinda, ardhi ilikuwa imeshageuzwa hifadhi ya taifa tangu 1977. Mnyororo umepita.

Hivi ndo ninavyomwelewa mimi. Shambani kwako huna mpinzani. Ukisema mti huu utolewe unatolewa, humuulizi mti. Yule mtu alijifunza kazi yote ya maisha akiwa peke yake bandani na juu ya katapila, akaichukua ilivyo akaipeleka kwenye serikali yenye bunge la chumba kimoja. 1977 akapiga marufuku maandamano, akasema siku za maandamano ya kisiasa barabarani zimekwisha, watu wakakamatwa mamia kwa mamia. 1979 hoteli ya kihistoria Bellevue, mbele ya bunge lenyewe, ikabomolewa usiku wa manane watu wakilia nje ya uzio. 1985 mafundi umeme wakagoma, akafukuza kama 1000. Katapila mbele, mnyororo nyuma. 1983 muungano wake na Liberal ukavunjika, akashinda viti 41 kati ya 82 akawavuta wawili wa Liberal wahamie kwake, akatawala bila mwenza.

1987 ikawa mwaka wa kila kitu. Kwanza akapata wazo la kwenda Canberra awe waziri mkuu wa nchi nzima, ana miaka 76, akavuruga upinzani wa kihafidhina wote, na waziri mkuu Bob Hawke akaitisha uchaguzi wa mapema wakati Joh mwenyewe yuko Marekani. Hawke akashinda kirahisi. Halafu mwezi Mei kipindi cha televisheni kikaonyesha madanguro na kamari za Brisbane zinavyolindwa na polisi, Joh yuko safarini, naibu wake Bill Gunn akaunda tume ya uchunguzi chini ya Tony Fitzgerald. Watu wakadhani ni ya wiki kadhaa. Ilikaa hadi 1989. Kamishna wa polisi Terry Lewis akaishia jela, mawaziri wanne wakaishia jela.

Novemba akataka kufukuza mawaziri wake mwenyewe kadhaa, akaenda kwa gavana, mwakilishi wa Malkia kwenye jimbo, gavana akamkatalia jinsi alivyotaka. Chama kikakaa tarehe 26 kikamchagua Mike Ahern. Na Joh akajifungia ofisini. Siku kadhaa, mlango umefungwa, yeye bado ni Waziri Kiongozi kwa karatasi, chini kuna mwingine ameshachaguliwa na anasubiri. Desemba 1, 1987 akajiuzulu akarudi Kingaroy. Baadaye akashtakiwa kwa kusema uongo mbele ya tume, 1991, baraza la wazee wa mahakama likashindwa kukubaliana, na ikajulikana kiongozi wa hao wazee alikuwa mwanachama wa vijana wa chama chake. Hawakurudia kesi, wakasema umri.

Alikufa Aprili 2005, miaka 94, akazikwa Bethany. Mazishi ya kiserikali yalifanyika Kingaroy, na Waziri Kiongozi wa Queensland aliyesimama kumsemea marehemu, wa chama cha Labor, alikuwa Peter Beattie. Yule wa Tower Mill. Siku hiyohiyo Brisbane wengine walikuwa wanaandamana, maana walisema sisi mzee alitukataza tusiandamane ngoja tumuage vizuri. Nilisimama barabarani Kingaroy na pakiti yangu ya karanga najaribu kuwaza ningekuwa mimi ndo Beattie ningesema nini. Sijapata. Nikarudi Toowoomba, shifti ilikuwa saa kumi na mbili.

Mjomba nilimpigia Jumapili. Nilimsimulia yote, dakika arobaini, vocha yangu, yeye anaitikia tu eeh, eeh. Kwenye banda la ng'ombe akafurahi sana. Kwenye mnyororo akanikatisha akaanza kunisimulia mnyororo wa babu kama vile siujui. Kwenye Springboks akakaa kimya afu akasema "mpumbavu." Kwenye kujifungia ofisini akacheka hadi nikasikia kuku wanakimbia huko uani.

Kura za maoni zilikuwa zimeshapita wiki ile. Alipata 31, wa kwanza 58, na wa kwanza ni huyohuyo anayekaa mjini. Nilitaka kumpa pole akanizuia.

"Hao Labor walioanguka 57, walikuja kurudi lini?"

Nikamwambia 1989.

"Miaka thelathini na mbili." Akahesabu tena kwa sauti kuhakikisha. "Na huyo wa karanga alikaa upinzani kumi." Kimya kidogo. "Mjomba, ile hela ya mchango iliyobaki siirudishi. Nakodi katapila, kuna kichaka nyuma ya shule nataka nikisafishie kijiji uwanja wa mpira."

Nikamuuliza, katapila moja au mawili?

"Moja. Mnyororo sina."